Ekspansini haikati kitu

Nimesoma tena, safari hii katika rasimu ya tasnifu niliyoombwa kuihakiki, kwamba ekspansini, protini za ukuta wa seli ya mmea, ni "vimeng'enya vinavyokata selulosi ili seli ya mmea ipate nafasi ya kurefuka". Aliyeandika ni mwanafunzi makini, na sentensi hiyo hakuibuni mwenyewe; ameirithi kwa waliomtangulia, kama walivyoirithi wao. Nimechoka kuisahihisha pembeni mwa kurasa. Kosa lenyewe si la istilahi tu, kwa kuwa anayeamini kwamba ukuta hurefuka kwa kukatwa hawezi kueleza jinsi seli inavyoujenga upya ukuta huohuo huku ukiwa umetanuliwa na shinikizo la maji yaliyomo ndani. Shinikizo hilo, katika seli nyingi zinazokua, ni kati ya megapaskali 0.3 na 1, yaani kubwa kuliko lile la tairi la gari, na linazuiwa na ukuta usiofikia unene wa mikromita moja. Nyuzi za selulosi, zinazoupa ukuta nguvu, zikikatwa ovyo katika hali hiyo, seli hupasuka.

Jaribio la msingi ni rahisi, na kila anayeandika kuhusu ekspansini angepaswa kulijua. Unachukua kipande cha shina la mche wa tango, unakigandisha na kukiyeyusha ili seli zife, unakibana ncha zote mbili na kukivuta kwa uzito, kisha unakitia katika bafa (myeyusho unaodumisha pH) yenye asidi, pH ya 4.5. Hakuna umetaboli tena wala shinikizo la ndani, na hata hivyo ukuta hurefuka polepole kwa saa kadhaa. Ukikichemsha kipande hicho kwanza, hata kwa sekunde chache, hakirefuki, kwa sababu joto limeharibu protini iliyokuwa ikifanya kazi hiyo. Mwaka 1992 Simon McQueen-Mason, Daniel Durachko na Daniel Cosgrove walitenga protini mbili kutoka katika kuta za tango, wakazitia kwenye kuta zilizochemshwa, na kuta hizo zikaanza kurefuka tena.

Zilikata nini, basi? Mabaki ya ukataji yalitafutwa, hayakupatikana. La muhimu zaidi, na ndilo linalorukwa kila mara, ni hali ya ukuta baada ya protini kuondoka. Kimeng'enya cha haidrolisisi, yaani kinachokata kwa kutumia maji, huacha alama ya kudumu: kila mnyororo uliokatwa hubaki umekatwa, majeraha hujumlishana, na ukuta hudhoofika hata baada ya kimeng'enya kuoshwa. Ukuta uliotiwa ekspansini kisha protini hiyo ikazimwa haubaki dhaifu hivyo, bali hushika kama zamani. Mwaka 1994 ilionyeshwa pia kwamba ekspansini hudhoofisha karatasi ya selulosi tupu, ambayo nyuzi zake zimeshikana kwa bondi za haidrojeni (mivutano dhaifu kati ya molekuli), bila kuikata. Nguvu inayouvuta ukuta ndiyo inayoutanua, nayo ekspansini huruhusu minyororo iteleze hatua moja na kushikana tena mahali papya. Kulegeza kwa namna hii na kukata ni matendo mawili tofauti, na siwezi kukubali yaitwe kwa jina moja.

Nadhani chanzo cha mkanganyiko ni umbo. Protini hii ina sehemu mbili, na ile ya kwanza inafanana na vimeng'enya vya familia ya 45 ya haidrolesi za glikosidi (wakataji wa minyororo ya sukari), lakini inakosa asidi amino ya aspati ambayo vimeng'enya hivyo huitegemea kama besi wakati wa kukata. Jamaa wa mkataji si lazima awe mkataji.

Sina budi kusema pia yale ambayo vitabu vya kiada huyafunika kwa mchoro mzuri. Maelezo kwamba ekspansini hulegeza bondi za haidrojeni yanategemea zaidi ushahidi usio wa moja kwa moja. Ule mchoro wa zailoglukani (minyororo mingine ya sukari ya ukutani) zikifunga nyuzi za selulosi kama kamba nao umeyumba: mwaka 2008 ilionekana kwamba Arabidopsis (mmea mdogo wa utafiti) isiyo na zailoglukani inayopimika huishi na kukua, ingawa huwa ndogo. Kisha mwaka 2012 Cosgrove na mwenzake Yong Bum Park walionyesha kwamba kimeng'enya kinachokata zailoglukani peke yake hakirefushi ukuta, wala kile cha selulosi peke yake; ni vile tu vinavyokata zote mbili ndivyo vilivyoweza. Kwa hiyo ukataji unaweza kurefusha ukuta, nami silikatai hilo, lakini si njia ya ekspansini. Inaelekea ukuta hushikiliwa na viungo vichache vilivyofichika, ambapo nyuzi hukaribiana mno, na huenda hapo ndipo ekspansini hufanyia kazi.

Kulegeza peke yake hakujengi. Changamani za sintasi ya selulosi, yaani mashine za protini zinazoitengeneza selulosi, ambazo mwaka 2006 zilionekana zikisafiri katika utando wa seli kwa kufuata mikrotubuli (mirija midogo ya protini ndani ya seli), huongeza nyuzi mpya ili ukuta usizidi kuwa mwembamba. Protini za XTH, zenye jeni 33 katika Arabidopsis, hukata zailoglukani na kuiunganisha na mnyororo mwingine. Huo kweli ni ukataji, lakini unaofuatwa na kuunga. Esterasi za metili za pektini, vimeng'enya vinavyoondoa metili kwenye pektini (sukari ya ukutani iliyo kama jeli), nazo hutajwa kila mahali kuwa hukaza ukuta, kwa kuwa pektini iliyoondolewa metili hufungamana na kalsiamu. Hutokea hivyo mara nyingi, ila katika ncha ya shina la Arabidopsis kuondolewa kwa metili huambatana na kulainika kwa ukuta pale kiungo kipya kinapochomoza.

Mwandishi wa rasimu nimemshauri afute "hukata" na aandike "hulegeza bila kukata". Akitaka kulitetea neno lake la awali, njia iko wazi: autie ukuta uliochemshwa ekspansini, auache urefuke, aizime protini, kisha apime kama ukuta umebaki dhaifu na kama bafa ina vipande vya sukari.