Mashine Mpya Kazini: Mambo ya Kujua Kabla Hujasaini

Wafanyakazi wengi walioachishwa baada ya mwajiri kufunga mitambo hulalamika kwamba sheria inakataza kumwondoa mtu kwa sababu ya mashine. Haikatazi. Nchini Tanzania, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 (Tangazo la Serikali Na. 42) zinatambua teknolojia mpya kuwa sababu halali ya kupunguza wafanyakazi. Kinachombana mwajiri ni utaratibu.

Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka atoe notisi ya kusudio la kupunguza wafanyakazi, aweke taarifa wazi, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe pasipo na chama. Yanayojadiliwa ni sababu, njia za kuepuka upunguzaji, vigezo vya kuchagua watakaoondoka, muda na malipo. Kikao kinachoitishwa barua zikiwa zimeshachapwa si mashauriano, na waajiri wanalijua hilo vizuri.

Kiinua mgongo hulipwa kwa aliyefanya kazi miezi 12 mfululizo au zaidi: siyo chini ya mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Gawa mshahara wa mwezi kwa 4.333, kisha kwa siku unazofanya kazi kwa wiki. Mwenye mshahara wa shilingi 520,000 kwa mwezi anayefanya kazi siku sita kwa wiki hupata takribani 20,000 kwa siku, yaani kiinua mgongo cha 140,000 kwa kila mwaka wa kazi. Aliyetumikia miaka 12 hupata 1,400,000. Miwili inayozidi haihesabiwi. Posho hazimo, tafadhali. Notisi, likizo ambayo hukuitumia na usafiri wa kurudi ulikoajiriwa hulipwa mbali na hapo. Ukikataa kazi mbadala bila sababu ya msingi, kiinua mgongo unakikosa.

Anayebaki naye asikubali kupunguziwa mshahara kwa maneno matupu kwamba mashine imerahisisha kazi. Mabadiliko ya masharti ya ajira hufanywa kwa kushauriana naye, kisha huandikwa.

Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) kwa Fomu Na. 1 ndani ya siku 30 tangu kuachishwa au tangu uamuzi wa mwisho wa mwajiri. Nakala mpe mwajiri kwanza, uwe na uthibitisho kwamba ameipokea. Kuendelea kumsubiri meneja "atafakari" hakusimamishi siku hizo. Ukichelewa, ambatisha Fomu Na. 2 ya kuomba kuongezewa muda na ueleze sababu ya kila siku uliyochelewa. Kutojua sheria si sababu.