"Bring forward" si kusogeza mbele

Wiki hii nimeletewa tena tafsiri ya kukagua. Barua ya Kiswahili ilisema usaili umesogezwa mbele kwa wiki moja. Mteja akaandika "brought forward by one week". Nikamwambia amegeuza maana, akanitazama kama mtu niliyechoka: "Kwani forward si mbele?" Swali hilo nimelisikia mpaka nalisubiri.

Dhana: "bring forward" ni kusogeza mbele, yaani kuahirisha.

Ukweli: ni kinyume kabisa. Kikao kikiwa "brought forward" kinafanyika mapema kuliko kilivyopangwa. Kikiwa "put back" au "pushed back", ndipo kimeahirishwa. Kwa barua ile, waombaji wangefika wiki mbili kabla ya siku yenyewe, na kila neno katika kamusi lingemtetea mteja wangu.

Tatizo ni nani anatembea. Sisi tunaposogeza kikao mbele tunajiona tuko safarini na siku zimetandazwa huko tuendako, kwa hiyo kilicho mbele zaidi tutakifikia baadaye. Katika "bring forward", Mwingereza amesimama, na matukio ndiyo yanayomjia yakiwa kwenye foleni. Ukilivuta moja mbele ya foleni, litamfikia mapema. Ndiyo maana "before", lililobeba "fore" tumboni, ni kabla, na "after", ndugu yake "aft", ni baada. Mabaharia wataelewa upesi: "fore" ni omo, "aft" ni tezi, na chombo kikija, omo hutangulia. Wala fikra hiyo si ngeni kwetu, maana waliokufa zamani tunawaita waliotangulia.

Ukisema "move forward", hata Waingereza wenyewe hawaelewani. Wanasaikolojia Boroditsky na Ramscar waliandika mwaka 2002 kuhusu swali hili: kikao cha Jumatano kimesogezwa "forward" siku mbili, sasa ni lini? Wengine hujibu Jumatatu, wengine Ijumaa. Walipouliza kwenye uwanja wa ndege, abiria waliotoka kushuka walielekea Ijumaa kuliko watu waliokuja tu kupokea wageni. Aliyetoka safarini bado anajiona anakwenda! Kisha kuna saa za ukutani, ambazo Waingereza huzibadilisha kufuata majira: zikipelekwa "forward" mwezi Machi, mshale unaruka kwenda saa ya baadaye. Kwa hiyo usikariri "forward" peke yake. Na katika barua yoyote ya kazi andika tarehe ya zamani na tarehe mpya. Nawaambia hivyo wateja wote, na wachache sana hunisikiliza.

Yaliyobaki hayahitaji maneno mengi.

"Straight" na "strait" ni neno moja lenye tahajia mbili? Hapana. La kwanza limetokana na "stretch", kunyoosha. La pili linatoka kwenye "strictus" ya Kilatini, iliyobanwa. Mlango-bahari wa Hormuz ni "strait" kwa sababu ni mwembamba, hata kama umepinda. Kwa wingi, "straits" ni dhiki, na dhiki yetu nayo kwa asili yake ya Kiarabu ni ufinyu.

"Go straightforward" haimwelekezi mtu popote. "Straightforward" ni jambo lisilo gumu, au mtu asiye na hila. Barabarani sema "go straight on".

"Towards" si wingi wa "toward". Waingereza hupenda kuweka s, Wamarekani huiacha. Chagua moja, usizichanganye katika ukurasa mmoja.

"I look forward to hear from you": hapana, ni "hearing". Hiyo "to" ni kihusishi, sawa na ya "to your letter". Hili nalisahihisha karibu kila siku, nikiwa nimenyamaza.

Mwisho, kuna wanaodhani "advance" inaanza na "ad" ya Kilatini, yenye maana ya kuelekea. Hawa siwakemei sana, kwa sababu walianza wasomi wa Kiingereza wenyewe. Neno lilitoka Kifaransa bila d, na mzizi wake wa Kilatini ni "abante". Katika karne ya 16 wakadhani ile a ya mwanzo ni "ad" iliyomomonyoka, wakaichomekea d. Kosa hilo sasa ndiyo tahajia sahihi, na ukiiacha hiyo d, mimi ndiye nitakayekurudishia.