Mbegu Chotara Haikuuawa na Mtu: Dhana Potofu Kuhusu Mahindi na Vyakula Vyetu Vingine

Kila msimu wa masika unapokaribia, wakulima ninaowahudumia huniambia maneno yale yale kana kwamba yamekwisha kuthibitishwa: kwamba mbegu chotara ya mahindi ni GMO, yaani imebadilishwa vinasaba maabara, kwamba kampuni zimeiua makusudi ili isizae tena, na kwamba mahindi waliyorithi kwa bibi zao ni ya asili tupu, hayajawahi kuguswa na mkono wa mtu. Msimu huu nimeyasikia hata kwa wauza pembejeo, ambao walipaswa kuwa wa kwanza kuyasahihisha, na ndiyo maana nimeamua kuyajibu kwa maandishi.

Naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo linalobeba mengine. Hakuna mahindi yasiyoguswa na mtu. Mahindi yote yametokana na teosinte, jamii ya nyasi za porini ambayo bado inaota katika bonde la mto Balsas, kusini-magharibi mwa Mexico, na wakulima wa huko walianza kuibadili takriban miaka 9,000 iliyopita. Suke la teosinte ni dogo kuliko kidole, lina punje zisizozidi dazeni moja, kila punje imefungiwa ndani ya ganda gumu, na likikomaa hupukutika lenyewe. Kizazi baada ya kizazi, wakulima walihifadhi mbegu za mimea yenye matawi machache, punje zilizo wazi na masuke yasiyopukutika. Mtaalamu wa jenetiki John Doebley na wenzake walizitambua jeni mbili zilizobeba sehemu kubwa ya mabadiliko hayo: tb1, iliyopunguza matawi, na tga1, iliyoivua punje ganda lake. Kwa hiyo mahindi ya leo, yawe ya bibi au ya dukani, hayawezi kujiendeleza bila mtu. Hindi likianguka na majani yake, punje huota zimesongamana mahali pamoja, na miche hudhoofika kwa kugombania maji na mwanga.

Sasa chotara. Mmea wa mahindi una mbelewele juu, ambayo ndiyo ua dume, na ndevu kwenye hindi, ambazo kila uzi wake huishia kwenye punje moja. Chavua hupeperushwa na upepo, hivyo kwa kawaida mmea huchavushwa na jirani zake. Mzalishaji wa mbegu anachofanya ni kuuzuia upepo huo: hulifunika hindi kwa mfuko wa karatasi kabla ndevu hazijachomoza, hukusanya chavua ya mmea huo huo katika mfuko mwingine, kisha huimwagia ndevu zake wenyewe. Baada ya kurudia hivyo kwa vizazi sita au saba hupata ukoo ulio safi lakini dhaifu, wenye mimea mifupi na mahindi madogo. Koo mbili za namna hiyo hupandwa kwa safu katika shamba moja, vibarua hupita wakizing'oa mbelewele zote za safu za mama kabla hazijamwaga chavua, na mbegu inayovunwa kwenye safu hizo ndiyo chotara. Nguvu iliyopotea katika koo hurudi kwa kishindo pale zinapokutana. Hakuna jeni ya kiumbe kingine iliyopachikwa.

Mtaalamu wa mimea George Harrison Shull alieleza jambo hili nchini Marekani mwaka 1908. Pale Kitale, Kenya, chotara H611 iliyotolewa mwaka 1964 ilipatikana kwa kukutanisha mbegu ya huko iitwayo Kitale Synthetic II na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, wakati mimea ya kwanza iliyobadilishwa vinasaba maabara ilikuja kutangazwa mwaka 1983. Hapa Tanzania, mahindi ya GMO yalifanyiwa majaribio katika shamba la utafiti lililotengwa huko Makutupora, Dodoma, na hayakuwahi kuidhinishwa kuuzwa kwa wakulima.

Kuhusu kuuawa: chotara si nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi asiyezaa. Ukipanda punje ulizozivuna kwenye chotara, zitaota vizuri kabisa. Kinachotokea ni kwamba jeni za wazazi hugawanyika upya, mimea mingine inakuwa mirefu na mingine mifupi, inachanua kwa nyakati tofauti, na kwa chotara ya wazazi wawili takriban nusu ya ile nguvu ya ziada hupotea katika kizazi kimoja. Uvumi wa mbegu zilizouawa una chanzo chake: mwaka 1998 ilisajiliwa Marekani hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya teknolojia ya kuzuia mbegu isiote kizazi cha pili, lakini haikuwahi kuingizwa sokoni popote, na mwaka 2000 nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai zilikubaliana kuizuia isitumike mashambani.

Linaloniumiza ni kwamba uvumi huu unawafunika matapeli. Mtu anauziwa punje za kula zilizopakwa rangi, zinaota ovyo, naye anailaumu chotara. Rangi ile huambatana na dawa ya kukinga mbegu dhidi ya wadudu na ukungu, haithibitishi chochote. Tafuta lebo ya mamlaka ya ukaguzi wa mbegu, na udai stakabadhi.

Asiyemudu kununua kila msimu apande mbegu za uchavushaji huria, yaani zilizoachwa zichavushwe na upepo, kama Staha, TMV-1 au Situka, ambazo anaweza kuzirudia. Ila asichague mbegu ghalani kwa kutazama ukubwa wa hindi peke yake, kwa maana hindi kubwa linaweza kuwa limekulia penye mbolea nyingi. Achague mmea ukiwa bado umesimama, katikati ya shamba, mbali na mahindi ya jirani, aufunge kamba, na achukue kwenye mimea mingi, mia moja na zaidi, la sivyo atadhoofisha uzao kama nilivyoeleza juu ya koo safi.

Mengine ni mafupi. Mahindi ya njano hayakutiwa rangi na kampuni; ni karotenoidi, rangi ya asili ya mmea wenyewe, na mahindi ya rangi ya chungwa yaliyotolewa Zambia mwaka 2012 yalipatikana kwa uchavushaji wa kawaida. Ndizi nazo zilikosa mbegu maelfu ya miaka kabla ya maabara: nyingi tunazokula, zikiwamo za kupika za Bukoba na Uganda, zina seti tatu za kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) badala ya mbili, hivyo mbegu hazikui. Na anayetaka nafaka zilizozaliwa Afrika atazame mtama, uwele na ulezi, kwa kuwa mahindi na muhogo vyote vilivuka bahari kutoka Amerika baada ya 1492.

Muhogo mchungu, hatimaye, haukulogwa wala si spishi tofauti na ule mtamu. Una linamarini nyingi zaidi, kemikali ambayo hutoa sumu ya sianidi tishu zinapopondwa, na mkulima aliuteua kwa kuwa ngiri na panya wanauogopa. Kuuvundika kuwa udaga, au kuuloweka na kuukausha ukakauka kweli, huiondoa sumu hiyo. Ugonjwa wa konzo uliowapoozesha watu miguu Tarime mwaka 1985 ulitokea wakati wa ukame, pale siku za maandalizi zilipokatwa kwa sababu ya njaa.