Kauri mguuni si mfupa wa bandia

Kwenye daladala ya Mwanga kwenda Ujiji nimelisikia tena: "Kijana wetu kawekewa mfupa wa bandia, wa kauri. Akikanyaga tu, unapasuka kama sahani." Aliyesema ni mama yake mdogo, na kijana naye kaamini, hataki hata kuinuka kitandani.

Maana ya kauri hiyo ya mfupa ni fupi. Mfupa ukipungua, kwa ajali ya bodaboda au baada ya uvimbe kuondolewa, daktari hujaza pengo kwa punje au kipande cha kauri chenye vitundu, ili mwili ujenge mfupa wake humo. Zinazotumika sana ni haidroksiapataiti na trikalsiamu fosfeti, ndugu wa madini yanayobeba sehemu kubwa ya uzito wa mfupa wako. Zikichanganywa na seli hai au vichocheo vya ukuaji, hapo ndipo tunasema uhandisi wa tishu, yaani kuusaidia mwili ujenge upya sehemu yake iliyopotea.

Kinachopoteza watu ni majina. Kauri kwetu ni simbi wa baharini, tena ni vyombo vyeupe vya kabatini. Waitaliano nao walipita njia hiyohiyo: vyombo vya Uchina waliviita porcellana, jina la simbi huyohuyo. Ndiyo maana sikio likisikia kauri, jicho linaona sahani. Kweli, zote huokwa kwa joto kali, hii ya hospitali mara nyingi hupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, na kweli peke yake ni rahisi kuvunjika. Kwa sababu hiyo kwenye mfupa unaobeba uzito huzungushiwa vyuma.

Lakini bandia? Jino la bandia linafanya kazi ya jino na litabaki bandia hadi siku ya kuzikwa. Kauri haifanyi hivyo. Mishipa ya damu na seli hupenya kwenye vile vitundu, vinavyotakiwa kuzidi upana wa milimita 0.1 na kuungana kimoja na kingine, kisha mfupa halisi hutandazwa juu yake. Trikalsiamu fosfeti huliwa kidogokidogo, mfupa ukichukua nafasi yake. Haidroksiapataiti hukaa miaka mingi, imefumwa ndani ya mfupa hai.

Hata "kupandikiza" kunanikwaza kidogo. Mkulima wa Tabora akipandikiza mwembe, kikonyo anachokifunga kiko hai. Mfupa uliochotwa nyongani mwa mgonjwa mwenyewe ni hivyo, una seli zake. Kauri huja haina uhai. Inafanana zaidi na vijiti vya maharage ya kutambaa kule Kasulu: kijiti kikavu, kinachoota ni mmea.

Basi, mama mdogo, tuseme kijana amejazwa kauri na mfupa anaujenga mwenyewe, sasa hivi, akiwa amelala hapo. Lini akanyage, na kwa uzito gani, daktari wake atamwambia akishaona picha ya eksirei.