Kabla ya siku ya kliniki ya afya ya akili

Muda wa kuzungumza na daktari ni mfupi, na maradhi haya huvuruga kumbukumbu. Ndiyo maana nawahimiza wagonjwa wangu waanze maandalizi wiki mbili kabla ya tarehe iliyo kwenye kadi. Daftari la shule linatosha: kila asubuhi andika umelala saa ngapi, umeamka saa ngapi, na kama dawa umemeza. Mwenye baipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, akilala muda mfupi sana siku kadhaa mfululizo na bado hahisi uchovu, huenda hali inapanda, na daktari anahitaji kuliona hilo mapema.

Kinachosahaulika zaidi ni madhara ya dawa. Haloperidoli, kwa mfano, ambayo ni dawa ya wanaosikia sauti au kuona vitu visivyokuwepo, inaweza kumfanya mtu ashindwe kutulia: akikaa miguu inataka kutembea, akilala anageuka huku na huku. Asipoeleza vizuri, hudhaniwa kwamba ugonjwa umezidi, dozi inaongezwa, na mateso yanaongezeka. Kwa hiyo andika ilianza lini, na kama ilikuwa baada ya dozi kubadilishwa.

Beba pakiti zote, hata zilizoisha, pamoja na za presha, kifafa na dawa za kienyeji. Mwanamke anayetumia kabamazepini, dawa ya kifafa inayotumika pia kwa baipola, aseme kama ana kijiti au anameza vidonge vya uzazi wa mpango, kwa sababu kabamazepini hupunguza nguvu ya kinga hizo na mimba inaweza kuingia. Anayemeza olanzapini, dawa nyingine ya magonjwa ya akili, aseme akianza au akiacha kuvuta sigara. Moshi wa tumbaku hufanya ini liiondoe dawa mwilini haraka zaidi.

Wanaotoka Kaliua au Sikonge kuja Tabora mjini huacha dozi ya asubuhi wakiogopa kusinzia njiani. Usiiache bila kuelekezwa. Siku ya kupima kiwango cha lithiamu, dawa ya baipola, kwenye damu ni tofauti: damu hutolewa baada ya kupita muda wa saa 12 tangu dozi ya mwisho. Ukimeza saa tatu usiku, damu itolewe saa tatu asubuhi, na dozi ya asubuhi uimeze baada ya hapo. Ukimeza kwanza, kipimo kitapanda kwa uongo.

Njoo na ndugu unayeishi naye, ila omba pia dakika chache peke yako na daktari. Yapo mambo ya ndoa na ya pombe ambayo hayasemwi mbele ya shemeji.

Hesabu vidonge mapema. Vikikaribia kuisha kabla ya tarehe, nenda kituo cha karibu. Kukatisha ghafla dawa ya kifafa kunaweza kuleta degedege. Na mawazo ya kujiua yakija, tarehe ya kadi haihusiki tena: nenda siku hiyo hiyo, usiende peke yako.