Je, wajua kifaa cha kufunza mkono uliopooza hakitoi stima?

Elektrodi, yaani vibandiko vya kupitisha au kunasa umeme, zikibandikwa kwenye mkono wa mgonjwa wa kiharusi, jamaa zake husogea kando wakidhani atarushwa na stima. Si ajabu, maana vipo vifaa vya kusisimua misuli kwa umeme. Kifaa cha mrejesho ni kingine: hakipeleki kitu mkononi, kinasikiliza tu umeme mdogo wa msuli unapokaza na kuuonyesha kwa taa. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu mgonjwa anayengoja mashine imfanyie kazi huulegeza mkono, na mkono uliolegea hauna cha kusikilizwa. Kilichoumia si msuli, ni ubongo unaouamuru. Mara nyingine amri hafifu hufika kwenye msuli bila kidole kutikisika.

Mvuvi wa Dunga, Kisumu, hamwoni ngege chini ya maji, ila mshipi ukitikisika anajua yupo. Kifaa ndicho mshipi huo. Mgonjwa anajaribu kuinua kiganja, hakiinuki, lakini taa ya kwanza inawaka, naye anairudia juhudi ileile.

Shida ni mawimbi. Ishara ya msuli ya maikrovolti 100 huzamishwa na stima ya nyumbani ya hezi 50, iliyo ndani ya masafa ya misuli yenyewe, takriban hezi 20 hadi 450. Sasa teremsha mishipi miwili kutoka mtumbwi mmoja: wimbi litaitikisa yote sawa, samaki atatikisa mmoja. Ndiyo maana elektrodi ni mbili, sentimita 2 kati yao, kufuata urefu wa msuli. Amplifaya hukuza tofauti yao tu, kama mara 1,000. Ishara inafika volti 0.1, na maikrokontrola, kompyuta ndogo ya kifaa inayogawa volti 5 katika hatua 1,024, huisoma kama hatua 20 hivi. Elektrodi ya tatu, ya kulinganishia, hukaa juu ya mfupa wa kiwiko. Safisha ngozi kwa spiriti, tumia betri, na laptop isiwe kwenye chaja mgonjwa akiwa ameunganishwa.

Ushahidi bado ni mwembamba: uchambuzi wa 2007 wa Cochrane, mtandao wa kupima ushahidi wa tiba, ulikusanya majaribio 13 yenye watu 269, ukaona dalili za faida lakini majaribio yenyewe madogo.

Mtego mkubwa uko kwenye kigasha, ambako misuli imebanana. Hata kwa mwenye afya, ukikunja ngumi msuli wa kuinua kiganja nao hukaza ili kifundo kisiyumbe. Basi mgonjwa anafumba mkono, taa inampongeza, na anazidi kujifunza kufumba. Weka jozi ya pili ya elektrodi upande wa ndani wa kigasha. Taa iwake tu msuli wa nyuma ukikaza na wa ndani ukitulia. Kabla ya kuanza, mwombe ainamishe kiganja polepole: msuli wa nyuma ukionyesha kukaza, elektrodi zake huenda zimekaa pembeni mno. Zibandue, uzisogeze.