Utaifa wa Tanganyika haukuanzia jukwaani

Ukimuuliza mwanafunzi utaifa wa Tanganyika ulianza lini, atakujibu bila kusita: Saba Saba, 1954. Ni kweli chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai mwaka huo, lakini kilikuta kuni zimeshakauka.

Chukua mfano wa Wameru wa Arusha. Mwishoni mwa 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000 huko Engare Nanyuki, ili kuwapisha wafugaji wa kizungu. Nyumba zikachomwa. Wameru wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafikisha madai yao Umoja wa Mataifa, New York. Mlango huo ulikuwepo kwa sababu Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, yaani Waingereza waliitawala chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa. Jirani zao wa Kenya, waliokuwa koloni, hawakuwa nao. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule. Hata hivyo Kirilo aliporudi alizunguka mijini akisimulia, na kisa cha Wameru kikawa kisa cha kila mtu. Huko Uluguru watu walichoshwa na kulazimishwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, hadi vurugu zikazuka mwaka 1955. Usukumani ugomvi ulikuwa wa bei ya pamba.

Lakini manung'uniko peke yake hayajengi chama. Mwaka 1953 serikali iliwakataza watumishi wake kujiunga na siasa, na kwa amri hiyo makarani waliokuwa uti wa mgongo wa TAA, chama cha Waafrika kilichotangulia TANU na kilichoanzishwa 1929, wakafungwa midomo. Hata Nyerere, aliyefundisha shule ya misheni huko Pugu, ilimbidi achague. Mwaka 1955 akaacha ualimu.

Nani basi angegawa kadi za TANU? Kwa maoni yangu vitabu vyetu vya shule hupita hapa mbiombio mno. Bibi Titi Mohamed, aliyeshika uongozi wa wanawake wa TANU mwaka 1955, alikuwa mwimbaji wa Bomba, kikundi cha lelemama, ngoma ya wanawake. Vikundi vile vilikuwa na viongozi, michango, na wanachama wa makabila mbalimbali walioimba kwa Kiswahili. Habari ikitolewa ngomani jioni, kesho yake imeshafika sokoni na visimani. Na mama anayeuza vitumbua barazani kwake, nani atamwachisha kazi?